Salamu ya Mama Amisa

Mama Amisa hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili ile, akipepeta mchele uwanjani kwao Dilala, alisema neno moja tu, na neno hilo binti yake Bilkisi alilala nalo siku tatu kama mtu aliyetandikiwa mkeka juu ya kokoto.

"Sitaki tena kusikia habari ya ule mwalimu mwenzako mu kinywa yako," mama alisema. "Nitamuona mi mwenyewe. Jumatano niko nakuya ku ile feti yenu ya sayansi kule kisiwani. Nitaangalia kintu moja: namna atanisalimia."

"Njo ile tu, mama?"

"Njo ile tu. Mambo ya dini ni ya baba yako na shehe, batajua benyewe. Mi njo nilibebaka mimba yako. Minataka kujua kama ule mutu balimufunzaka salamu. Salamu ikiingia mu nyumba, bingine bitafuata. Ikikosa..." Akapuliza makapi, yakaruka. "Ijumaa baba yako atajibu bantu ba Karim."

Bilkisi aliinamisha kichwa. Karim, aliyeleta posa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa rafiki ya baba yake, watu wa Kasongo kama wao, waislamu kama wao, wenye malori kama wao. Alicheka vizuri, alisali vizuri. Shida yake ilikuwa moja: akiingia chumbani, Bilkisi aliendelea kusoma kitabu chake bila kupoteza mstari. Akiingia Nkulu, hata jina la kitabu lilimtoroka.

Nkulu alifundisha biolojia katika shule ileile ya Dilala ambako Bilkisi alifundisha kemia. Alikuwa Muluba wa kaskazini, mprotestanti, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekulia Lubudi kando ya mabehewa yanayopita. Miaka mitatu walikuwa wakipanga pamoja hiyo Siku ya Sayansi kwa ajili ya watoto wa kisiwa cha Kifinga, kule katikati ya ziwa Nzilo. Watoto wale walikuwa na shule ya vyumba vitatu na mwalimu mmoja aliyechoka, na hawakuwa wamewahi kuona maabara hata kwa picha. Miaka mitatu ya kuhesabu chupa na kuandika barua. Na miaka mitatu, kila karatasi ilipotoka mkono wa mmoja kwenda mkono wa mwingine, vidole vilichelewa kidogo kuachana.

Siku ya Jumatatu alimwambia Nkulu kwamba mama anakuja. Macho ya Nkulu yakajaa maji.

"Anakuya juu yangu?"

"Juu yako. Anataka kuona kama utamupatia heshima."

"Heshima?" Nkulu aliweka mkono kifuani. "Bilkisi, heshima nitakayomupatia mama yako, hata baba yangu hakuipatiaka mutu zaidi."

Basi Bilkisi aliamini. Angefanya nini kingine?

*

Jumatano walifika ukingoni mwa ziwa saa tatu asubuhi. Mtumbwi ulikuwa mrefu, wa mbao, na mashine ndogo nyuma ikikohoa moshi.

"Bismillahi," Mama Amisa alisema, akishika ubao kwa mikono miwili. "Hii bwato yenu haiko na mafuniko?"

"Bwato haikuwake na mafuniko, mama."

"Na kama mvua?"

"Tutalowana, mama."

"Munasoma Université, kiisha munakuya kulowana mu bwato." Lakini aliketi. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha zambarau, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo mumewe, Baba Musafiri, alimletea kutoka Lubumbashi, viatu vya kwenda harusini tu. Bilkisi aliviona na moyo wake ukapata joto. Mtu havai viatu vya harusi akienda kukataa.

Nkulu alikuwa amevuka tangu jana na mikroskopi juu ya magoti kama mtoto mchanga. Sasa walimuona kwa mbali, amesimama majini, suruali imekunjwa, akivuta mitumbwi ya wageni mmoja mmoja pamoja na Gael, mwalimu mwenzao wa fizikia. Shati lake jeupe lilishika jua. Alipomtambua Bilkisi alisahau kamba mkononi. Hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu wa jangwani anavyotazama mahali alipoambiwa kuna kisima, na Bilkisi akasikia damu ikimpanda mpaka masikioni, akageukia maji asije mama akamsoma.

Mtumbwi ukakaribia. Hatua kumi. Hatua tano. Mama Amisa akanyoosha kitambaa chake, akaandaa uso.

Ndipo Nkulu alipoona ni nani ameketi nyuma ya Bilkisi.

Akamtupia Gael kamba. Akageuza mgongo. Akatoka majini haraka, karibu mbio, akaingia ndani ya matete yaliyoota kando ya njia, na matete yakajifunga nyuma yake.

Gael alivuta mtumbwi, akampa mama mkono, akasema jambo na karibu na safari ilikuwaje. Mama Amisa alijibu yote kwa adabu. Kisha, akiwa juu ya nchi kavu, akapangusa viatu vyake taratibu na kuuliza bila kuinua macho:

"Ni ule?"

"Mama, labda amesahau kintu..."

"Ni ule, Bilkisi?"

"Ni ule, mama."

"Aya." Mama akasimama wima. "Basi tuone iyo sayansi yenu."

*

Chini ya turubai mbele ya shule walikuwa wamepanga meza sita. Meza ya Bilkisi ilikuwa na sufuria ya maji ya maua machachu ya ngai-ngai nyekundu yaliyochemshwa na kupozwa. Kila nyumba ya kisiwa ilileta kitu ndani ya chupa: maji ya ziwa, maji ya kisima, maji ya limau, maji yaliyochujwa kwenye majivu. Bilkisi alimimina ngai-ngai, na watoto wakapiga kelele kabla ya rangi kutulia.

"Nyekundu! Limau yetu nyekundu!"

"Majivu ya Kambo imekuwa kijani! Kambo, majivu yako imekuwa majani!"

Alicheka nao, alieleza, aliandika majina ubaoni. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya mwisho, ile ya mikroskopi, ambako Nkulu alikuwa amerudi na ambako mama yake, bila kumwambia mtu, alikuwa amejipanga kwenye mstari nyuma ya watoto.

Mama Amisa hakuruka zamu. Alisubiri kama mtoto wa shule, mikono juu ya tumbo. Mtoto wa mbele yake akatazama, akaguna, akatoka. Mama akapiga hatua.

Nkulu akainuka kitini kama aliyeungua. Akaficha uso kwa daftari, akasema kitu kwa Gael, akaondoka upande wa nyuma, mgongo wake umewaelekea watu wote. Mbele ya direkta wa shule, mbele ya chifu wa kisiwa. Wageni wa mjini walitazamana. Mmoja alicheka puani. Wenyeji wa kisiwa, ajabu, hawakuonyesha kushangaa hata kidogo, lakini Bilkisi hakuwa na macho ya kuona hilo.

Gael akamwelekeza mama jinsi ya kufunga jicho moja. Mama Amisa akainama juu ya kile chombo, akakaa hapo muda mrefu.

"Mama, unaona nini?" Bilkisi alikuwa ameacha meza yake.

"Naona tududu. Tuko tunaogelea." Mama akainuka. Uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu ule ndio uliomtisha Bilkisi. "Hata tududu twa mayi tunaniangalia, mutoto yangu. Ule mutu yako, hapana."

"Mama..."

"Haikuke na mayi ya kupima mutu? Ungemumiminia mbele ya kunileta mbali hivi." Akatengeneza kitenge. "Nitakaa kule kwenye moshi, kwa bale bamama. Bwato ikiwa tayari, uniite."

Akaenda zake kwenye vichanja vya kukaushia samaki, ambako mwanamke mnene wa kisiwani aitwaye Mama Joyeuse, mpishi wa siku ile, alikuwa akigeuza samaki na kusonga bukari, ugali wa kwao, kwa wakati mmoja. Bilkisi alimuona akimsogezea mama yake kiti, na mama akiketi, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeketi msibani.

*

Alimkuta Nkulu nyuma ya shule, amechuchumaa kando ya ukuta. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nilikukosea nini?"

Nkulu akasimama. "Bilkisi?"

"Unatoroka mama yangu! Mara mbili! Bantu bote banaona. Sawa ye ni mwenye ukoma! Mi nilikuambia, kintu moja tu, salamu! Neno moja! Hata mwizi anasalimiaka mama ya mutu!"

"Mwizi, ndiyo." Nkulu alionekana kuchanganyikiwa kweli. "Mwizi atamusalimia. Mi si mwizi. Bilkisi, mama yako hakufurahi?"

"Kufurahi!"

"Nilimuachia njia yote. Niliingia mu matete, kule kuko nyoka. Nilimuachia kiti, mikroskopi, kazi yangu. Hata kivuli yangu haikumugusa." Akamtazama, na kidogokidogo rangi ikamtoka usoni. "Shee... Kwenu hamuna buko?"

"Buko ni nini?"

Nkulu akaegemea ukuta. Upande wa pili wa shule watoto walikuwa bado wakipigia rangi kelele.

"Munasema mukwe," alisema polepole. "Kila siku nakusikia: mukwe wa dada, bakwe ya baba. Kwetu tunasema muko. Nilizania neno moja, kintu moja. Sikuuliza. Mwalimu muzima, miaka tatu nafundisha batoto kuuliza, mi mwenyewe sikuuliza." Akapangusa uso. "Buko njo hii: kwetu, mama ya muke yako haumuangaliake mu macho. Haumupatie mukono. Hamukule sahani moja. Akipita, unatoka mu njia. Si chuki, Bilkisi. Ni juu ya ile tumbo yenye ilikubeba. Iko takatifu kwangu. Baba yangu, kule Lubudi, alikuwa anajificha nyuma ya behewa kila kambo, mama ya mama yangu, alipokuya ku soko. Miaka kumi na mbili. Bantu ba gare ya reli balimucheka. Na siku kambo alikufaka, baba njo alilia wa kwanza, hata mbele ya batoto yake."

Bilkisi aliiona tena ile asubuhi: kamba ikirushwa, mgongo ukigeuka, matete yakifunga. Mtu aliyemuona akikimbia, kumbe alikuwa akipiga magoti kwa namna ya kwao.

"Kwetu," alisema, "mukwe anakuya mbele, anainama, anashika mukono ya mama kwa mikono mbili. Asipofanya vile ni sawa anamutemea mate."

"Mungu wangu."

"Ijumaa, Nkulu. Ijumaa banamujibu Karim."

Unywele mmoja wa Bilkisi ulikuwa umetoka chini ya mtandio na upepo wa ziwa ulikuwa ukiuchezea. Nkulu aliinua mkono kama anayetaka kuurudisha mahali pake, kisha akaushusha mkono. Hakuwa amewahi kumgusa zaidi ya vidole vile vya karatasi, na hakutaka kuanza leo, nyuma ya ukuta, kama anayeiba.

"Mueleze," alisema. "Mueleze mama vile nimekueleza."

"Hatanisikia. Atasema mutoto anapenda, anatafutia mupenzi yake maneno. Anataka kuona, si kusikia." Bilkisi akafumba macho. "Musalimie. Mara moja tu. Umupe mukono mbele ya bantu."

"Unajua unaniomba nini?"

"Salamu."

"Hapana. Mutu wa kwetu akimupa mama mukono, akimuangalia mu macho, ni sawa anamuambia: we ni mama wa soko tu kwangu, hakuna kintu yenye tutakuwa. Hapa kisiwani ni Baluba batupu. Bote bameona vile ninamukimbia. Bote bamejua juu ya nini. Nikimupa mukono, mbele yao nimekukana."

"Mbele yao. Na mbele ya mama yangu utakuwa umenichukua. Nani njo ananilea, bo ao ye?"

Lilikuwa neno kali, na Bilkisi aliliona likiingia. Nkulu alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alipoinua uso, alikuwa amezeeka kidogo.

"Aya," alisema. "Nitamusalimia. Juu yako."

Bilkisi alitaka kusema acha. Neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi. Alilimeza. Mpenzi ana ubinafsi wake, na siku ile wa kwake ulikuwa na jina la Ijumaa.

*

Upepo uliinuka mapema. Saa tisa mwenye mtumbwi akaanza kuita watu, maana Nzilo likikasirika halisikii maombi. Meza zilivunjwa, chupa zikafungwa. Watoto walishuka ukingoni wote, na wazazi wao, na chifu. Ubao mrefu uliwekwa kutoka kwenye nchi kavu mpaka mtumbwini, juu ya tope jeusi.

Mama Amisa alikuja kutoka kwenye moshi akitembea na Mama Joyeuse. Walikuwa wameshikana mikono. Bilkisi alimshika mama mkono, akaona macho yake ni mekundu. Moshi, alijiambia.

"Mama, mbele tuondoke..."

"Twende."

Mama alikuwa katikati ya ubao Nkulu alipotokea. Safari hii hakukimbia. Alitembea moja kwa moja kati ya watu, shati limefungwa mpaka shingoni, na watu wakamwachia njia wakidhani anakwenda kwingine. Alipokanyaga ubao, Bilkisi alisikia mnong'ono ukipita kati ya wenyeji kama upepo ndani ya mahindi. Mwanamke mmoja alishika kinywa. Mwingine akasema kwa Kiluba neno ambalo halikuhitaji kufasiriwa.

Mama Amisa akageuka, na Nkulu akasimama hatua mbili mbele yake. Akainua macho, kwa nguvu, kama mtu anayeinua gunia. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Jambo, mama," alisema. Sauti ilipasuka.

Mama Amisa aliitazama ile mikono.

Hakuipokea.

Bilkisi alimuona mama akishika ncha ya kitambaa chake cheupe na kukivuta mpaka kikafunika uso mzima. Alimuona akigeuka upande. Kisha mwanamke yule wa miaka hamsini na nane, aliyeogopa maji, aliyevaa viatu vya harusi, akashuka kutoka kwenye ubao. Tope likamla mpaka juu ya vifundo. Akasimama humo, mgongo wake kwa Nkulu, akimwachia njia nzima.

"Bilkisi," aliita kutoka ndani ya kitambaa. Sauti ilikuwa nzito. "Ambia ule kijana arudishe mikono yake."

"Mama?"

"Mumuambie! Mama Joyeuse amenifunza buko, mi siwezi kuongea naye. Ni wapi uliona mutu anamupa mama mukwe wake mukono? Balimufunzaka wapi?"

Kutoka ukingoni Mama Joyeuse akapiga kigelegele kimoja, kikali, kisha akina mama wengine wakakidaka. Nkulu alikuwa ameficha uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Amesikia, mama," Bilkisi alisema huku akilia. "Amesikia."

"Umuambie tena. Ijumaa bakubwa bake bakuye kwanza, mbele ya bantu ba Karim kufika. Baba yako atakataa. Atakataa sana, dini si mchezo, na mi sijui Mungu atafungulia wapi. Lakini nitasema yenye niliona leo, na hakuna mutu atanifunga kinywa." Akavuta pumzi. "Na ye mwenyewe akikuya, abakie inje. Nitamutumia chakula nyuma ya mulango."

Nkulu alirudi nyuma hatua kwa hatua, macho chini, mpaka akatoka kwenye ubao. Wanaume wawili wakamshika mama, wakamuinua. Mguu wa kulia ulitoka bila kiatu.

"Acha, mama, nitakuletea."

"Usiguse. Twende, mayi inapanda."

Lakini Bilkisi alipoketi, Gael alikuja mbio akipitisha kitu mkononi mwake: kile kiatu, kimeoshwa, bado kinavuja. Hakuhitaji kuambiwa nani alikichimbua.

Mashine ikakohoa. Kisiwa kikaanza kurudi nyuma. Mama Amisa alikuwa ameketi akitazama mbele, kitambaa bado usoni, mkono mmoja umeshika ubao.

"Bilkisi."

"Naam, mama."

"Ananiangalia?"

Bilkisi aligeuka. Ukingo mzima ulikuwa umejaa mikono inayopunga, ya watoto, ya akina mama, ya chifu, ya Gael. Katikati yao mtu mmoja mrefu mwenye shati jeupe, matope mpaka viwikoni, alikuwa amesimama wima bila kupunga, amewapa mgongo.

"Hapana, mama," alisema, na akakikumbatia kiatu kilicholowana mpaka maji yakapenya kwenye nguo. "Haangalie."

"Muzuri," alisema Mama Amisa.